Kichwa cha klasta: namna ya kupanga tiba yako hatua kwa hatua

Maswali ninayotumiwa kuhusu kichwa cha klasta ni yale yale kila mara. "Nimemeza parasetamo nne na haikusaidia, niongeze?" "Oksijeni naipata wapi, na navuta kiasi gani?" "Nimeandikiwa verapamili, nikiimeza maumivu yakiwa yameanza hayaondoki, niache?" "Nimeng'olewa meno mawili na kichwa bado kinauma." Majibu ya ujumbe mfupi hayatoshi kwa ugonjwa huu, ndiyo maana nimeyaweka yote hapa. Haya ni yako wewe uliyeambiwa juzijuzi kwamba una kichwa cha klasta, yaani maumivu makali ya upande mmoja yanayokuja kwa mashambulizi na kwa misimu, au unayeshuku kwamba ndicho kinachokuamsha usiku. Ni ya mke, mume, dada au kaka anayekesha nawe pia.

Shika jambo moja kabla ya mengine: kuna dawa za kukata shambulio na kuna dawa za kuzuia mashambulizi yasije, na hazibadilishani kazi. Wengi wanaoteseka hawajakosa dawa kabisa. Wamepewa ya kuzuia wakaitumia kukata, au wamepewa vidonge vinavyoanza kufanya kazi wakati maumivu yameshakwisha yenyewe.

Dozi ninazotaja ndizo zinazotumika kwenye miongozo ya madaktari. Nimeziweka ili ukikaa mbele ya daktari ujue unachozungumza. Si cheti cha dawa. Usianze verapamili, steroidi wala lithiamu kwa kusoma hapa.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo, kalamu na saa, viwe kando ya kitanda.
- Simu inayorekodi video.
- Orodha ya kila dawa unayotumia: za presha, ARV, za kifua kikuu, za kisukari, mitishamba, na za nguvu za kiume pia. Usione haya, hizi za mwisho hupanua mishipa ya damu na zinaweza kuchokoza shambulio.
- Vipimo vya presha, sukari, figo, na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG.
- Mtu mmoja nyumbani atakayeujua mpango wote.
- Miadi. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye hasa, na hupatikana kwenye kliniki za hospitali kubwa kama Muhimbili au Kenyatta. Ukiwa mbali, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanza kazi nzuri huku ukisubiri rufaa.

Hatua ya 1: Hakikisha ndicho chenyewe

Kichwa cha klasta kina sura yake. Maumivu hukaa upande mmoja, ndani au nyuma ya jicho, juu ya nyusi au kwenye panja. Yasipotibiwa huchukua dakika 15 hadi 180, na huja kuanzia mara moja kila baada ya siku mbili hadi mara 8 kwa siku. Upande ule ule jicho huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba au kuchuruzika, kope hushuka au kuvimba, paji la uso hutoka jasho. Na mgonjwa hatulii. Anazunguka chumba, anatoka nje, anakaa, anasimama, analikandamiza jicho kwa kiganja, wengine hugonga kichwa ukutani.

Hapo ndipo unapokitofautisha na kipandauso. Mwenye kipandauso anataka giza, kimya na kulala bila kujisogeza, na maumivu yake huchukua saa 4 hadi siku 3. Maumivu ya neva ya uso nayo ni tofauti: huchoma kwa sekunde chache mfano wa shoti ya umeme, mara nyingi ukigusa shavu, ukitafuna au ukinawa uso. Sainasi huuma kwa siku nzima mfululizo, pamoja na makamasi mazito na mara nyingi homa. Malaria haitoi chozi jicho moja.

Ugonjwa huu humpata takribani mtu 1 kati ya 1,000, kwa hiyo tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumtambua hata mmoja. Usimlaumu. Mpe maelezo yatakayomwezesha kuutambua.

Simama hapa na uende hospitali leo hii, si kesho, ikiwa:

- maumivu yalilipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, na hujawahi kupata kama hayo;
- una homa na shingo imekakamaa;
- mkono, mguu au mdomo umelegea, au maneno hayatoki sawasawa;
- jicho linaona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, au uoni umepungua;
- kope imeshuka na mboni imekuwa ndogo, na hali hiyo inabaki hata maumivu yakiisha, hasa kama shingo nayo inauma;
- umegonga kichwa karibuni, una ujauzito, au una saratani au VVU na kichwa hiki ni kipya kwako.

Aliyeanza kuumwa baada ya miaka 50 naye asikae nyumbani akikisia. Hata ukiwa na dalili zote za klasta bila hizi za hatari, muulize daktari kuhusu MRI ya ubongo, yaani picha ya kina ya ndani ya kichwa, angalau mara moja, kwa sababu uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo unaweza kuiga klasta.

Angalizo: usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu tu maumivu yanashuka hadi taya la juu. Jino bovu huonekana kwenye eksirei. Kama daktari wa meno haoni tatizo, jino hilo si la kung'oa.

Hatua ya 2: Andika wiki moja

Kila shambulio, andika mistari mitano tu: limeanza saa ngapi, limeisha saa ngapi, upande gani, jicho na pua vilifanya nini, ulitumia nini na baada ya dakika ngapi ulipata nafuu. Mfano: "Jumanne. Saa 7:20 usiku hadi 8:35. Kushoto. Chozi, pua imeziba, nilizunguka sebuleni. Diklofenaki saa 7:30, hakuna nafuu."

Mwombe mtu wa nyumbani akurekodi kwa simu kwa dakika moja shambulio likiwa limekolea, uso uonekane. Siku ya kliniki utafika umetulia, macho meupe, na daktari ataona mtu mzima asiye na kasoro. Ile dakika moja ya video inamwonyesha kope iliyoshuka na mtu asiyeweza kukaa.

Mara nyingi utagundua yanakuja saa ile ile, hasa saa moja au mbili baada ya kupitiwa na usingizi. Hiyo ni tabia ya ugonjwa wenyewe: haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, inahusika. Nadharia naishia hapo.

Andika pia pombe. Ndani ya msimu wa mashambulizi, yaani zile wiki au miezi yanapokuja mfululizo, bia moja, glasi ya mvinyo au kikombe cha mnazi kinaweza kuleta shambulio ndani ya saa moja au mbili. Nje ya msimu mara nyingi haifanyi kitu, na ndipo watu wanapojidanganya. Msimu ukianza, acha kabisa mpaka uishe.

Hatua ya 3: Nenda kwa daktari na maneno haya

Usiseme "kichwa kinaniuma sana." Utapewa dawa ya maumivu na kipimo cha malaria. Sema hivi:

"Daktari, nina maumivu ya upande mmoja tu, kwenye jicho la kushoto. Yanachukua dakika 75 hivi, mara mbili kwa siku, na ya usiku yananiamsha saa saba. Jicho linatoa machozi, pua inaziba upande huo huo, na siwezi kutulia. Nimeandika wiki nzima, na hii hapa video. Naomba tuangalie kama ni kichwa cha klasta, na kama ndicho, nahitaji dawa ya kukata na dawa ya kuzuia."

Mkabidhi daftari na orodha ya dawa. Kama hajawahi kumtibu mgonjwa wa klasta, mwombe kwa heshima akupe rufaa.

Hatua ya 4: Panga oksijeni kwanza

Kwenye hatua hii nitakaa kwa muda, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Oksijeni inakata shambulio, haina kikomo cha matumizi kwa siku kama sindano ya Hatua ya 5, na inamfaa hata mtu mwenye moyo mbovu asiyeruhusiwa dawa nyingine. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009, waliovuta oksijeni ya lita 12 kwa dakika walipata nafuu ya maana ndani ya dakika 15 katika mashambulizi 78 kati ya 100. Waliovuta hewa ya kawaida kwa kifaa kile kile, 20 tu.

Tatizo ni kwamba wengi huwekewa mirija miwili ya puani kwa lita 3 au 4, kama mgonjwa wa nimonia, wakaambiwa "oksijeni imeshindikana." Haikujaribiwa. Unachohitaji ni hiki:

- Mtungi wa oksijeni ya hospitali.
- Regulata, yaani kifaa cha mtungini kinachopima oksijeni inayotoka, inayofika lita 15 kwa dakika. Soma namba kwenye kioo chake kabla ya kulipa. Zipo zinazoishia 10.
- Barakoa yenye mfuko wa akiba na vali, ile ambayo hewa unayoitoa hairudi ndani. Barakoa ya kawaida isiyo na mfuko huchanganya oksijeni na hewa ya chumba.
- Karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa, kiwango cha lita na dakika. Bila hiyo msambazaji anaweza kukataa, na kama una bima ndiyo karatasi watakayoidai.

Hesabu mtungi wako hivi: lita za mtungi mara shinikizo la bar kwenye geji. Mtungi mdogo wa lita 10 uliojazwa bar 150 una lita 1,500 za oksijeni. Shambulio moja kwa lita 12, dakika 15, ni lita 180. Kwa hiyo mtungi huo ni mashambulizi 8, na kama unapata mawili kwa siku, ni siku nne. Mtungi mkubwa wa lita 40 kwa bar hiyo hiyo una lita 6,000, mashambulizi 33. Mkubwa ukae nyumbani, mdogo uende nao kazini au safarini. Geji ya mtungi mdogo ikishuka bar 50, zimebaki lita 500, ambazo hazifiki mashambulizi matatu. Nenda kajaze siku hiyo, usingoje Jumatatu.

Namna ya kuvuta:

1. Anza mara tu unapohisi linakuja. Kuchelewa kunaweza kukupunguzia manufaa.
2. Fungua mtungi taratibu, weka lita 12 hadi 15, subiri mfuko ujae.
3. Kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Usilale chali.
4. Bana barakoa usoni kwa mkono ili hewa isipite pembeni. Wenye ndevu nyingi wakandamize zaidi.
5. Vuta pumzi ndefu, toa yote. Angalia mfuko: ukinywea kabisa kila unapovuta, lita ni chache, ongeza.
6. Endelea dakika 15 hadi 20. Maumivu yakiisha, baki nayo dakika 5 zaidi.
7. Funga mtungi wenyewe, si regulata peke yake.

Hatari zake ni za moto. Usivute sigara wala usiruhusu mtu avute humo ndani, weka mbali jiko la mkaa, la gesi na mshumaa. Usipake mafuta ya mgando usoni au mikononi kabla ya kushika barakoa na regulata, maana mafuta na oksijeni ya shinikizo huwaka. Funga mtungi ukutani kwa mnyororo au kamba imara usianguke, hasa palipo na watoto. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu apimwe na daktari kwanza.

Usitumie mtungi wa fundi wa kuchomelea. Hakuna aliyehakikisha mtungi ule ni safi kwa mapafu ya mtu, na hujui umepitia wapi. Mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 nayo haitoshi, na umeme ukikatika saa saba usiku utabaki na chombo kisicho na kazi.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu sumatriptani

Hii ndiyo dawa ya pili ya kukata. Iliyo bora ni sindano ya miligramu 6 chini ya ngozi, unayojichoma mwenyewe pajani. Katika utafiti wa 1991 ilileta nafuu ndani ya dakika 15 katika mashambulizi 74 kati ya 100, dhidi ya 26 kwa sindano isiyo na dawa. Kikomo ni sindano mbili kwa saa 24. Zinazofuata ni za kupuliza puani: sumatriptani miligramu 20 au zolmitriptani miligramu 5. Pulizia tundu lisiloziba, yaani upande usiouma.

Sindano hii hutaikuta kila duka la dawa. Mwombe mfamasia wa hospitali kubwa akuagizie, uliza bei na itachukua siku ngapi, na agiza msimu ukiwa haujakolea.

Vidonge vya sumatriptani hupatikana kirahisi zaidi, na ndiyo sababu watu huandikiwa. Kwa klasta vinachelewa: vinapoanza kufanya kazi vizuri, shambulio la wengi limeshapita. Parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki, tramadoli na hata mofini si tiba ya klasta. Tumbo na figo vinaumia, jicho linaendelea kuuma.

Usitumie sumatriptani kama umewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, una maumivu ya kifua ukipanda ngazi, au presha yako haijadhibitiwa. Usiichanganye na dawa yenye ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, ndani ya saa 24. Na anayetumia ARV zenye ritonavia asiguse ergotamini kabisa: mishipa ya damu inaweza kujibana hadi vidole vikafa. Mwambie mfamasia unatumia ARV, hata kama duka lina watu. Omba kuzungumza naye pembeni.

Hatua ya 6: Daraja

Dawa ya kuzuia huchukua siku hadi wiki kukolea. Katikati hapo daktari anaweza kukupa daraja la muda mfupi, na yapo mawili.

La kwanza ni steroidi ya kumeza, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe mwilini. Mpango uliopimwa kwenye utafiti wa Ujerumani wa 2021 ulikuwa miligramu 100 za prednisoni kwa siku 5, kisha kupunguza 20 kila siku 3, jumla siku 17. Ukipewa prednisoloni ya miligramu 5, hivyo ni vidonge 20 kwa mkupuo. Wengi wakiona rundo hilo mkononi hudhani mfamasia amekosea, wanameza viwili. Hakikisha na daktari, kisha fuata alichoandika. Meza asubuhi baada ya kula, na usikatishe ghafla wala kujiongezea duru ya pili kwa sababu ya kwanza ilikufaa. Sema mapema kama una kisukari, presha, vidonda vya tumbo, au umewahi kuugua au kuishi na mtu mwenye kifua kikuu.

La pili ni sindano ya steroidi, mara nyingi pamoja na ganzi, kwenye neva ya kisogoni upande unaouma. Inachukua dakika chache kliniki, na ni nzuri kwa asiyefaa kumeza steroidi nyingi. Kwa maoni yangu inaulizwa mara chache mno. Iulize.

Hatua ya 7: Dawa ya kuzuia

Verapamili ndiyo ya kwanza. Ni dawa ya moyo na presha, lakini hapa hutumika kwa dozi kubwa kuliko ya presha. Kawaida huanza miligramu 80 mara tatu kwa siku, kisha huongezwa 80 kila baada ya wiki mbili hivi, hadi mashambulizi yakome au madhara yajitokeze. Wengi hutulia kati ya miligramu 240 na 480 kwa siku. Wachache hufika 960 chini ya uangalizi wa karibu.

ECG ni lazima kabla ya kuanza na kabla ya kila nyongeza. Verapamili inaweza kuchelewesha umeme wa moyo bila wewe kuhisi chochote, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote: usiongeze kidonge mwenyewe.

Isichanganywe na atenololi, propranololi na ndugu zake. Mtu aliyedhaniwa ana kipandauso huenda tayari anapewa propranololi, na mwenye presha huenda yuko kwenye atenololi. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana nguvu ya verapamili, ritonavia huipandisha. Juisi ya balungi nayo huipandisha, iache.

Ikishindikana, zinafuata hizi:

- Lithiamu, hasa kwa klasta sugu, ambayo haipumziki kwa mwaka mzima au hupumzika chini ya miezi 3. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Ibuprofeni na diklofenaki huipandisha hadi kuwa sumu, na kukosa maji mwilini vilevile. Ukitaka kufunga Ramadhani ukiwa kwenye lithiamu, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla.
- Topirameti, dawa ya kifafa. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika ujauzito aulize uzazi wa mpango kwanza.
- Melatonini, homoni ya usingizi, miligramu 10 usiku. Ushahidi ni mdogo, madhara nayo ni madogo. Huongezwa juu ya nyingine.
- Galkanezumabu, sindano ya miligramu 300 kwa mwezi. Marekani iliikubali 2019 kwa klasta ya vipindi, ile inayokuja kwa misimu na kupumzika. Mamlaka ya dawa ya Ulaya haikuikubali kwa klasta. Kwa klasta sugu haikuonyesha faida. Ni ghali, na sishauri kuuza kiwanja kwa ajili yake kabla hujajaribu oksijeni na verapamili ipasavyo.

Utasikia pia habari za uyoga wenye silosibini, kemikali inayoleta njozi, ambao baadhi ya wagonjwa wa Marekani na Ulaya wanausifu. Tafiti zilizopo ni ndogo, na kwetu ni dawa iliyopigwa marufuku. Uyoga wa kuokota porini unaua, na ukiwa kwenye lithiamu silosibini inaweza kukuletea degedege.

Hatua ya 8: Wape kazi watu wa nyumbani

Waambie mapema, siku ambayo huumwi. "Mama watoto, likinishika usiniulize maswali. Washa taa ndogo, fungua mtungi, angalia saa, watoto wabaki chumbani kwao. Nitazunguka na huenda nikapiga kelele. Nikifika dakika 20 bila nafuu, nipe sindano." Kazi tatu hadi nne zinatosha. Anayejua la kufanya haogopi sana.

Kazini mwambie bosi au mwenzako mmoja, na chagua chumba utakachokimbilia. Bodaboda au dereva asiendelee kuendesha kwa dakika tano zaidi "afike kwanza." Jicho moja litakuwa limejaa machozi.

Mambo yakikwama

Oksijeni haifanyi kitu. Kagua kwa mpangilio huu: je, ni lita 12 au zaidi? Mfuko upo na unajaa? Barakoa imebana? Ulianza ndani ya dakika chache? Ulifikisha dakika 15? Moja ikiwa hapana, rekebisha na ujaribu mashambulizi mengine kadhaa kabla ya kuhukumu. Zote zikiwa ndiyo na bado, hamia sindano, na mwambie daktari auangalie upya ugonjwa wenyewe.

Oksijeni inakata, lakini maumivu yanarudi baada ya saa moja. Ongeza zile dakika 5 za mwisho. Yakirudi kila siku, dawa ya kuzuia haijafika kiwango chake.

Nahitaji sindano mbili kila siku. Usitafute ya tatu. Hiyo ni dalili kwamba Hatua ya 6 na ya 7 zimeachwa nyuma.

Verapamili imenifunga choo na miguu imevimba. Ni ya kawaida. Maji, mboga za majani, papai, na umweleze daktari. Ukisikia kizunguzungu, kuzirai, au mapigo chini ya 50 kwa dakika, usimeze inayofuata; nenda hospitali.

Mashambulizi yangu ni ya dakika 10 tu, lakini mara 15 kwa siku. Huenda si klasta. Kuna ugonjwa wa karibu unaotulia kabisa kwa indomethasini, na daktari anaweza kuipima kwa majaribio.

Ndugu wanasema nimerogwa, maana yanakuja saa ile ile usiku. Usigombane nao. Waonyeshe daftari, waeleze kwamba ugonjwa huu unafuata saa ya mwili kwa wagonjwa wa kila nchi. Anayetaka kukuombea akuombee, barakoa ikiwa usoni. Usikubali kuchanjwa, kunusishwa dawa za unga puani, wala kuacha vidonge ili "dawa nyingine ifanye kazi."

Nafikiria bora nife. Maumivu haya huwafikisha watu wengi hapo, na si udhaifu wa imani wala wa moyo. Mwambie mtu leo, kwa maneno hayo hayo, bila kuyapamba. Mpe dawa zote akutunzie, asikuache peke yako usiku, na muende hospitali ya karibu hata kama ni saa tisa alfajiri. Wewe uliyeambiwa, amini na kaa naye.

Msimu umeisha, sasa nafanyaje? Subiri angalau wiki mbili bila shambulio, kisha daktari akupunguzie verapamili kidogo kidogo. Andika tarehe msimu ulipoanza na ulipoisha. Msimu ujao unaweza kuja mwezi ule ule. Jaza mtungi, kagua kama mpira wa barakoa haujakauka, angalia tarehe ya mwisho ya sindano, na hifadhi simu ya msambazaji wa oksijeni kwenye simu ya mtu wa nyumbani pia, si kwenye yako peke yake.